Mahari yangu ilikuwa safari ya toroli, na nusu yake naidai mpaka leo

Wakuu, salaam aleikum.

Mjukuu wangu aniambia humu ndani kila mtu ni mkuu. Basi kwa umri wangu mimi nitakuwa mkuu wa wakuu. Mimi nasema, yeye anachapa. Nimemkataza kupunguza na nimemkataza kuongeza, kwa hiyo mtakayosoma ndiyo yaliyokuwa.

Jana alinisomea uzi wenu wa treni za zamani zinazofufuliwa ili watalii wapande. Mmoja wenu kaandika kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, sisi huku hatujawahi kuwa nayo.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Sisi Mombasa tulikuwa nayo miaka ya arobaini, vita vimekwisha tu, na mimi nimeolewa kwayo.

Kabla sijazaliwa, wenye uwezo walizunguka kisiwani kwa toroli. Ni kigari chenye benchi na paa la kitambaa, kinakwenda juu ya reli nyembamba zilizopita barabarani, na wanaume wawili wanasukuma kwa nyuma. Motokaa zilipoingia, toroli zikafa na reli zikang'olewa. Kikabaki kipande kimoja tu, kutoka karibu na Ngome mpaka upande wa Mbaraki.

Sasa, palikuwa na tajiri mmoja wa Bondeni, Mhindi Mwislamu mwenye duka la vyombo, sote tukimwita Sheth. Alikuwa na toroli kuukuu ghalani kwake. Akaona meli zinashusha wageni, wageni wanataka cha kutazama. Akazitoa toroli zake, akazipaka rangi, akawavisha wasukumaji kanzu na kofia nyekundu, akaanza kukata tiketi.

Fundi aliyezitengeneza benchi zile alikuwa Swaleh, seremala, mtoto wa shangazi yangu. Alipomaliza kuzitengeneza alizipenda, akawa yeye ndiye kiongozi wa wasukumaji.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya Mji wa Kale, na dirisha la juu lilitazama reli. Mimi nilikuwa mwari, sitoki ovyo. Kila meli ikija nilikaa pale dirishani nikiwatazama wale mabibi wakipita na miavuli yao, wanacheka, upepo unawapepea. Niwaambie ukweli, niliwaonea wivu. Mji ni wangu, na wao wanauona vizuri kuliko mimi.

Swaleh alipoleta posa, baba akaniuliza nataka mahari gani.

Nikasema, "Nataka kupanda toroli. Kwenda na kurudi. Na Swaleh asukume mwenyewe."

Baba alikuwa mwalimu wa chuo, anasomesha watoto Kurani pale barazani chini. Alinitazama kama nimevaa kiatu kichwani.

"Mwanangu, watu watasema nini? Binti wa mwalimu asukumwe ndiani, mato yote ya mji yamtazame?"

"Baba, si wewe usomeshaye kuwa mahari ni haki ya mke, si ya babake wala ya jirani?"

Nilikuwa nimeyasikia masomo yake kwenye ngazi tangu utotoni, na yeye alijua. Akaenda zake msikitini bila kumaliza kahawa.

Nikah ikafungwa. Shekhe alipoitaja mahari, naambiwa msikiti mzima ulivunjika kwa kicheko, na baba aliinamisha uso.

Lakini ndoa kufungwa ni jambo moja, na mahari kulipwa ni lingine. Mke ana haki ya kubaki kwao mpaka apewe chake, nami nikabaki. Shangazi alikuja kunibembeleza, majirani wakasema nina kichwa kigumu. Ni kweli ninacho, mpaka leo.

Tatizo lilikuwa Sheth. Swaleh alimwomba, akakataa. "Toroli ni za wageni wa meli. Nikimpandisha mkeo leo, kesho mji wote uko mlangoni kwangu."

Kisha ikatoka habari kwamba barabara itapanuliwa na kile kipande cha reli kitang'olewa. Swaleh alikuja kusimama chini ya ngazi, mimi niko juu nyuma ya mlango.

"Chagua kitu chengine, tafadhali. N'takupa mkufu."

"Sitaki mkufu, Swaleh. Nangoja."

Alipoondoka nililia. Nilimpenda, na niliogopa kwamba reli zitaondoka na mimi nimebaki na ubishi wangu tu.

Wanaume hawajui kwamba habari za mji huu huendeshwa na wanawake. Kichekesho cha mahari yangu kilifika kwenye maulidi ya kina mama, na huko alikuwapo mamake Sheth. Siku ya pili alikuja kwetu, kikongwe, anapanda ngazi kwa kuvuta pumzi.

"Wewe ndiwe mwenye toroli?"

"Ndimi, mama."

"Hizo toroli zalala ghalani kwangu. Napita kando yake kila siku. Wajua mimi sijapata kuzipanda?"

Alikunywa chai, akaenda zake. Sijui alimwambia nini mwanawe, lakini kesho yake Swaleh alikuja mbio, kofia mkononi. Sheth amekubali: Ijumaa, baada ya swala.

Swaleh alizungushia toroli mapazia, mimi na mamake Sheth tukaingia ndani na mabuibui yetu. Baba alikuwa ameniambia asubuhi kwamba hatakuja kutazama, na mimi sikumlazimisha.

Tulikwenda kidogo, tukakwama.

Watu walikuwa ndiyo wanatoka msikitini, na kila mtu alitaka kuiona hiyo mahari. Reli hazikuonekana kwa miguu ya watu. Nilimsikia Swaleh akiomba njia, sauti imemkauka kwa aibu, na watu wanazidi kusogea. Bikizee kando yangu akanishika mkono.

Hapo nikasikia sauti mbele. Ile sauti niliyoamka nayo kila siku, ya kuwasahihisha watoto herufi.

"Simila! Simila! Tupisheni! Mahari ya mwanangu yapita!"

Alikuwa baba, na kanzu yake ya Ijumaa, anatembea katikati ya reli na kupunga bakora. Watu wakagawanyika. Alipiga ukelele huo njia nzima, na mimi nililia njia nzima nyuma ya pazia, nikalifungua kidogo nikauona mji wangu. Hapo mnapopaita Mama Ngina leo, mnapokula mihogo, upepo wa bahari ulinipiga uso, nikacheka kama wale mabibi.

Kule mwisho Swaleh akafunua pazia. Jasho limemlowesha kanzu yote.

"Haya, bibi. N'shalipa?"

"Umelipa ya kwenda. Ya kurudi bado."

Baba alicheka mpaka akaegemea toroli. Mimi nikashuka, nikamwacha mamake Sheth arudishwe na wasukumaji wengine kwa raha zake, nikarudi kwa miguu kando ya mume wangu. Haukupita muda, reli zikang'olewa.

Tuliishi pamoja umri mzima na deni lile. Kila akikosea namtajia, kila nikikasirika yeye hujitajia mwenyewe, tukacheka. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita karibu, akasema, "Bibi, nisamehe ile ya kurudi."

Nikamwambia, "Sikusamehe. Tangulia, n'takuja kukudai huko huko."

Akatabasamu. Alifariki siku ile ile.

Mabinti mnaosoma hapa, somo langu ni fupi: mahari ni yenu, tajeni mnachokitaka nyinyi, na mkishataja msitetereke. Na nyinyi akina baba, mkishindwa kuwazuia, basi watangulieni mbele muwafungulie njia.

Aliye na mahari ya ajabu kuliko yangu aiweke hapo chini, mjukuu atanisomea zote. Ila asitokee mtu wa kunishauri nisamehe ile ya kurudi.