Pumu Yangu, Sukari ya Kapteni

Daktari aliyetupima marubani enzi hizo alikuwa na kiko mdomoni hata alipokuwa akisikiliza mapafu yangu. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, nami nilikuwa rubani msaidizi wa ndege ndogo za abiria kati ya Nairobi na Kisumu. Nilikuwa na pumu tangu utotoni, mtaani Kaloleni, Kisumu. Sikuificha. Nilitumia dawa, na ilikuwa imepita miaka bila kunikaba. Hata hivyo, kila nilipokwenda kupimwa, alinipulizisha mrija mpaka macho yakaiva, kisha akanikimbiza kwenye ngazi za hospitali. Yeye alibaki chini. Ngazi zilimtoa pumzi.

"Nyinyi watu wa ziwani mngebaki na mitumbwi yenu," aliniambia siku moja. "Angani kunataka kifua."

"Daktari, umekisikiliza changu sasa hivi. Kina kasoro gani?"

Alitia sahihi kama anayemtupia mbwa mfupa.

Kapteni wangu hakujua hata ngazi zenyewe ziko wapi. Alikuwa mzungu aliyebaki baada ya Uhuru, na daktari alikuwa mwenzake wa gofu. Kila mhudumu wa klabu alijua kwamba kapteni ana kisukari. Asiyejua, ajabu, alikuwa daktari. Kumpima kulikwisha kabla chai haijapoa.

Asubuhi moja, tukishuka kuelekea Kisumu, kapteni akaanza kutokwa na jasho hadi shati likamganda. Nikamwuliza tuko juu kiasi gani. Akanijibu habari za farasi. Shangazi yangu wa Nyalenda alikuwa na ugonjwa huohuo, kwa hiyo jasho lile nililijua: mtu alikuwa amemeza dawa bila kula.

"Kapteni, ndege naichukua mimi."

"Usiguse, kijana," alinong'ona, vidole vikiteleza kwenye usukani.

Nikamtoa mikono kwa heshima aliyostahili, yaani ndogo, nikatua. Abiria walishuka wakilalamikia joto. Nilimnywesha soda yenye sukari. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza ni nani aliyeniruhusu kutua.

Nilitoa taarifa. Kapteni akaagwa kwa karamu ya nyama choma na hotuba ndefu juu ya utumishi wake uliotukuka. Mimi nikaitwa kupimwa upya, eti mshtuko huamsha pumu.

Mama aliposikia, aliacha kuparua samaki. "Baba, wewe ndiye umemtoa mtu majini, halafu ni wewe wanayekupima kama umelowa?"

Nilikwenda. Daktari alinisikiliza mbele na nyuma.

"Rafiki yako anaendeleaje na sukari?" nikamwuliza.

Akaandika kwamba mapafu yangu ni mazima na kwamba nina ulimi mbaya. Kwa cheti hicho, wiki iliyofuata nilirudi angani.