Nilicheka Boti Yetu Ilipovunjika

Siku katamarani niliyoijenga kwa mikono yangu ilipokatika vipande viwili baharini, mimi sikuwa ndani.

Nilikuwa kwenye chombo kingine, nyuma yake kidogo, naitazama.

Na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, kilikuwa kicheko.

Msinihukumu bado. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Glenys. Kwetu ni Whangārei, kaskazini mwa New Zealand. Mwaka huo, 1994, nilikuwa na miaka arobaini na moja, watoto wawili, mume hayupo, kazi yangu useremala. Ndiyo, mwanamke seremala. Waliocheka walicheka wakachoka.

Mimi na mdogo wangu Darryl tuliijenga boti ile kwa miaka sita, kwenye banda la ng'ombe la marehemu baba. Matumbo mawili marefu ya plaiwudi yanayoelea sambamba, boriti tatu za kuyaunganisha, mlingoti katikati. Kila Jumamosi, kila Jumapili. Vumbi la msasa nilikuwa nalikohoa mpaka Jumatano.

Lengo lilikuwa moja tu: mashindano ya pwani, kutoka Auckland hadi Russell.

Siku nne kabla ya mashindano, Darryl akaja kwangu. Hakukaa. Kofia mkononi, anaizungusha.

"Dada, Brent Hallworth amekubali kushika usukani."

Huyo Brent alikuwa nahodha bingwa, sura yake haikosi gazetini. Nikaruka kwa furaha.

"Safi! Basi mimi nitashika kamba za tanga la mbele."

Kofia ikazunguka haraka zaidi.

"Brent anakuja na watu wake wawili. Boti ni nyepesi, dada. Inabeba wanne tu."

Brent. Watu wake wawili. Darryl.

"Unanitoa kwenye boti yangu?"

"Siyo hivyo, dada..."

"Ni vipi sasa? Nieleze! Mbao zile alikata nani? Siku ya Krismasi nani alilala chini ya lile tumbo anapaka gundi, wewe uko kwa mama mkwe wako unakula kondoo?"

Akavaa kofia yake, akatoka. Nikamrushia kikombe cha chai, kikapasukia mlangoni.

Kesho yake nikaenda gatini, boti ikiwa bado juu ya magogo nchi kavu, kuchukua vifaa vyangu. Nikamkuta Brent amekaa sitahani, miwani ya jua kichwani, anakula pai ya nyama.

"Kumbe wewe ndiye dada mtu! Kazi nzuri, mama. Sasa tuachie wanaume tuikimbize."

Aisee. Nilihisi damu inachemka mpaka kwenye masikio.

Nikapita chini ya wavu uliotandazwa mbele, kati ya matumbo mawili, kutafuta randa yangu. Hapo ndipo nikaona.

Upande wa chini wa boriti ya mbele, pale inapoingia kwenye tumbo la kushoto, palikuwa na rangi mpya. Na rangi hiyo ilikuwa imechanika mstari mwembamba kama unywele.

Nikaubonyeza kwa kucha. Kucha ikazama.

Ufa. Wa mbao, siyo wa rangi.

Fundi yeyote angepiga kelele hapo hapo. Kwa upepo wa kawaida, sawa, ingestahimili. Kwa upepo mkali na tanga zima juu, boriti ile ingeondoka.

Nikamwangalia Brent. Alikuwa anapiga mluzi, anakung'utia makombo kwenye sitaha niliyoipiga msasa mimi.

Nikasema moyoni: si wewe ndiye bingwa? Utajionea mwenyewe.

Nikachukua randa yangu, nikaondoka.

Shosti wangu Ngaire, dereva wa basi la shule, alikuwa na katamarani kuukuu. Sura kama choo cha shamba, lakini upepo ukitoka nyuma ilikuwa inakata maji balaa. Akanipa nafasi bila maswali.

"Njoo tuwafukuze hao majogoo," alisema.

Ijumaa asubuhi mzinga ukalia, tukaondoka. Upepo wa kusini magharibi, unaongezeka kila saa.

Boti yangu ikatupita wote, sisi tukaing'ang'ania nyuma. Ilikuwa nzuri, jamani! Tumbo moja linanyanyuka juu ya maji, linameremeta. Nililia kwa hasira mchana kweupe, Ngaire akajifanya haoni.

Kufika saa nane, mawimbi yalikuwa yamekua. Ngaire akapunguza tanga. Kila boti iliyotuzunguka ilipunguza.

"Wale wa kwenu hawapunguzi?" akauliza. "Wamerogwa?"

Redio ya mawasiliano ilikuwa pembeni ya goti langu. Kitufe kimoja tu. *Darryl, shusha tanga, boriti ina ufa.* Maneno sita tu.

Nikaikazia macho redio. Nikakumbuka "tuachie wanaume".

Sikuigusa.

Tulipokuwa tunaipita rasi ya Bream Head, ikatokea. Kwa upepo ule hatukusikia kitu, tuliona tu. Tumbo la kushoto lilijikunja likamfuata mwenzake, kama viganja viwili vinapopiga kofi. Mlingoti ukalala.

Nikacheka.

Halafu nikaona kichwa cha mdogo wangu kinatokea kwenye povu, kinapotea.

Kicheko kikakatika kama kimepigwa shoka.

Tulizunguka mara tatu. Darryl tulimvuta kwa ukosi wa jaketi. Watu wa Brent wakapanda wenyewe. Brent alikuwa wa mwisho, mguu wake umebanwa kati ya mlingoti na tumbo la boti. Nilipomchomoa aliniuma mkono kwa maumivu. Mpaka helikopta inafika, alikuwa amening'ang'ania kama mtoto.

Gazeti la Jumamosi likaandika: DADA SHUJAA AOKOA WANNE.

Ijumaa ile ile, kwenye korido ya hospitali, Darryl alikuwa amejifunika blanketi, anatetemeka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ule ufa. Niliuona tangu siku tuliyoijaribu. Nikaujaza gundi, nikapaka rangi. Brent alishatangaza kila mahali, nikaona aibu kurudi nyuma. Nikasema labda itafika. Na kama haifiki... una watoto wawili, dada. Ndiyo maana nikakutoa."

Nilimzaba kofi mbele ya manesi.

"Ukanitoa mimi, ukamwingiza yeye? Yeye hana wa kumlilia? Na nani alikupa ruhusa ya kuniamulia?"

Akashika shavu. Akanitazama machoni.

"Mbona hujauliza ufa gani, dada?"

Kofi la pili likabaki hewani.

Jioni ile Brent alikatwa mguu, chini ya goti.

Tukanyamaza miezi minane. Watu wakanisifu madukani, nikatabasamu kama mwizi. Mwisho nikamwambia Darryl: twende, ukikataa nakwenda peke yangu.

Brent alitufungulia mlango mwenyewe, kwa magongo. Tukamweleza yote. Wa gundi na rangi akasema yake. Wa redio nikasema yangu.

Alikaa kwenye ngazi polepole.

"Miezi minane," akasema, "mke wangu ananiamsha nikipiga kelele kwamba ningepunguza tanga. Miezi minane nimejua ni mimi niliyeivunja boti yenu. Nilikuwa natafuta namna ya kuja kuwaomba radhi."

Darryl akaanza kulia. "Brent, tusamehe..."

"Tokeni."

Hakupaza hata sauti. Tukatoka. Mpaka leo hajatusemesha, na simlaumu.

Watu wachache wanaojua huniuliza: nani mbaya zaidi, aliyenyamaza kwa kumpenda dada yake au aliyenyamaza kwa hasira? Nimechoka kulipima hilo. Mguu ulikatwa mmoja, na haukuuliza sababu.

Ukiona ufa, sema. Mwambie hata adui yako. Sema ukiwa umetukanwa, sema mdomo ukitetemeka kwa hasira, kisha endelea kumchukia ukitaka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walitupa moyo bure. Kuna kuta hazijengeki tena.