Ngozi Aliyovalishwa Mzee Loserian

Aminiel alijifunza kazi ya kamera kwenye harusi za mjini Arusha. Redio moja ndogo ya jamii ilipomwomba arekodi hadithi za wazee, zisikike redioni na kuonyeshwa kwa filamu vijijini, alikubali kabla hawajamaliza kumweleza.

Alianza na Loserian wa kijiji cha Olmotonyi, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Loserian alimpokea akiwa na koti la suti na kofia, tayari kusimulia jinsi ukoo wake ulivyochimba mfereji wa maji kutoka mlimani. Aminiel aliona picha ile haina sura ya kiasili. Alikuwa amekuja na ngozi ya mbuzi aliyoazima kwa wauza vinyago, akamwomba mzee avue koti, aivae ile, akae chini kando ya moto. Loserian aliitazama ngozi, kisha akamtazama mgeni wake. Akaivaa kwa kumheshimu. Alisimulia vizuri, na mwishoni akaimba wimbo wa wachimbaji.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa usharika wa kanisa lake. Mzee alipotokea ukutani mabega wazi, watu waliangua kicheko, hata wazee wenzake wa kanisa. Loserian akainuka, akatoka polepole akishikilia migongo ya viti. Aminiel alimwona akitoka. Hakuzima projekta.

Kwa wiki mbili, kila alipofungua kompyuta aliyaona mabega yale. Mwishowe akapanda Olmotonyi. Naipanoi, binti wa mzee, alimwambia mlangoni kwamba baba hajaenda kanisani tangu siku ile.

“Shikamoo, baba,” Aminiel alisema. “Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuvua nguo mbele ya watu wako.”

“Marahaba. Hadithi ile nilisimuliwa na baba yangu akiwa na shati na suruali, tumekaa kwenye viti. Ungeuliza, ningekuambia.”

Aminiel aliomba warekodi upya, vyovyote mzee atakavyo. Loserian alisimulia yote akiwa kitini, ila alipofika kwenye wimbo akanyamaza.

“Huo ulishauchukua,” alisema. “Mimi siuimbi tena.”

Aminiel aliifuta filamu ya kwanza, wimbo na yote. Hadithi ilipotangazwa redioni wasikilizaji walipiga simu kusifu, naye Aminiel akaomba jina lake lisitajwe. Loserian alirudi kanisani. Hadi leo Aminiel akikutana naye humwamkia, huitikiwa vizuri, na hapo maneno humwishia.