Karafuu Kwenye Damu Yangu

Mimi sipendi kusingiziwa. Nikikosea nitasema nimekosea, lakini watu wakianza kunitazama mikono kwa kosa nisilolijua, hapo nawaka.

Nafanya kazi kwenye maabara moja Riyadh. Tunapima namna chembe za damu zinavyoshikana ili kidonda kizibe. Kila asubuhi mmoja wetu aliye mzima hutoa damu yake, tuilinganishe na ya wagonjwa. Siku ile zamu ilikuwa yangu. Tukaitia damu dawa ya kuigandisha. Damu ikishikana, mstari kwenye kioo cha mashine hupanda; huu ukapanda kidogo, ukalala. Tukarudia, ukalala vilevile.

"Umeichafua," akasema daktari mkuu wetu, mama wa Kisaudia asiye na maneno mengi. "Na wiki iliyopita ilikuwa hivi hivi. Mkataba wako unakwisha mwezi ujao, niandike nini?"

Loh! Miaka sita sijaharibu hata tone! Nikarudi chumbani kwangu mtaa wa Sulimaniyah nimefura, nikabandika birika. Harufu ya karafuu ilipopanda, nikajishika kichwa.

Karafuu nilizinunua soko la Balad, Jeddah, nilipotoka umra. Nazisaga, natia tangawizi na kitunguu thomu kibichi, kikombe kizima asubuhi na jioni. Ni amri ya mama yangu kutoka Unguja: "Inalainisha damu." Nilikuwa nikimcheka, eti mimi ndiye msomi. Nakunywa kumridhisha tu. Na fomu yetu ya kutoa damu inauliza vidonge, haiulizi chai.

Kesho yake nikamwambia daktari, "Si mikono yangu, ni chai yangu. Niiache siku kumi, chembe mpya ziingie, kisha unipime wewe mwenyewe."

Akatia alama kwenye kalenda. "Siku kumi. Halas, basi."

Siku zilipotimia akanitoa damu kwa mkono wake. Mstari ukapanda, ukapanda, ukakaa juu. Nililia, na sioni haya kusema. Daktari akachukua ile fomu, akaongeza kwa kalamu: karafuu, tangawizi, kitunguu thomu. Halafu akaniambia nilete mkataba mpya atie saini.

Nikampigia mama, kifua mbele, nikamsimulia yote.

"Ina maana siku kumi hukunywa dawa yangu?"

"Sikunywa, mama, lakini nimethibitisha kwamba inafanya kazi!"

"Mie nilithibitisha kabla hujazaliwa," akasema. "Hebu kabandike birika."

Nikaenda kubandika.