Kinuthia Kati ya Kasia na Pedali

Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuvua samaki kabla ya mume wangu Kinuthia. Mama yake, hadi anafariki, hakukubali samaki apikwe katika sufuria yake. Alisema ni nyoka aliyeoga. Sisi ni watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa hapa Chepsaita. Lakini jirani yetu Kipchumba ana bwawa kubwa shambani mwake, lililochimbwa na mzungu zamani, na Kinuthia alipomwona samaki akiruka humo siku moja, basi, kwisha maneno. Alifunga mbao juu ya mapipa matupu, akawa anakwenda katikati ya bwawa kila Jumamosi akijisukuma kwa mti mrefu, na jioni anarudi ananuka tope na kuringa. Nilimcheka sana. Nilimkaangia samaki wake pia, kwa sufuria iliyokaa nje.

Halafu kiharusi kikampiga. Mguu wa kulia ulipona, ingawa huuburuta akichoka. Mkono wa kulia haukupona. Daktari mjini Eldoret alituambia kwamba mwaka ukiisha bila vidole kusogea, tusitarajie makubwa. Mwaka ukaisha na vidole vikabaki vilevile. Kinuthia alitia pamba masikioni. Kila aliyeuliza aliambiwa mkono unarudi polepole, na mkono wenyewe ulikuwa umelala ndani ya mfuko wa koti.

Kwetu mtu humsalimu mwenzake kwa mkono wa kulia. Kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni kama kumtusi. Wapo wagonjwa wanaotoa wa kushoto na kuomba radhi, na hakuna anayewanunia. Lakini ukiomba radhi umekiri, na Kinuthia hakutaka kukiri. Basi akaacha kanisa, akaacha mikutano ya wafugaji, akaacha harusi. Akisikia mtu langoni, anaingia zizini. Niliolewa na mtu wa watu, sasa nikawa ninaishi na mtu wa ng'ombe. Iliniuma, na nisiwadanganye, ilinikasirisha pia. Kuna siku nilitamani kumshika mabega nimwambie mbele ya wote kwamba mkono umekufa lakini yeye bado yu hai. Sikuthubutu. Neno kama hilo mtu hulisema mwenyewe, la sivyo litamvunja.

Binti yetu Wanja, anayefanya kazi Nakuru, ndiye aliyeleta habari ya kayaki, mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja. Alisema atamnunulia baba yake moja ili arudi bwawani, achague tu aina. Ipo ya kasia, ambayo unaketi na kupiga maji kulia na kushoto kwa mikono miwili. Na ipo ya pedali, ambayo unakanyaga kama baiskeli, parapela inazunguka chini ya maji na kuisukuma, na mikono inabaki huru kushika fimbo ya kuvulia. Mtoto wa chekechea angejua ipi inamfaa baba yake. Wanja hakulisema hilo, kwa kuwa ana adabu kunishinda.

Kinuthia akachagua ya kasia. Na alikuwa na hoja, jamani. Ya kasia ni nyepesi, mtu na jirani yake wanaibeba hadi majini. Inapita penye kina kifupi. Inaingia kwenye matete, ambako perege hujificha, wakati ile ya pedali magugu yataifunga parapela. Tena haina vyuma vya kuharibika, na fundi wa parapela utamtoa wapi Chepsaita? Alinieleza hayo asubuhi, akanieleza jioni, akampigia Wanja simu akamweleza tena. Kila hoja ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu.

Wanja alikuwa na akili. Alimwomba muuzaji, kijana wa Naivasha anayeitwa Collins, alete zote mbili juu ya pikapu ili mzee azijaribu kabla ya kuamua. Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi na upepo wa kutoka upande wa Timboroa. Tulikuwa watu wanne tu ukingoni: Kinuthia, mimi, Collins na Kipchumba mwenye bwawa.

Kinuthia alitaka ya kasia kwanza. Tulimfunga jaketi la kuelea, akaketi, akachukua vidole vyake vya kulia kwa mkono wa kushoto na kuvikunja kimoja kimoja juu ya kasia. Akapiga maji kwa kushoto. Kayaki ikageukia kulia. Akajaribu kuvuta kwa upande wa kulia, vidole vikafunguka, kasia likalala majini. Akapiga tena kushoto. Ikageuka tena. Alizunguka pale pale, mbele yetu, uso ukiwa umekazwa, na kila duara lilikuwa linaniingia kifuani.

Hakuna aliyecheka. Kipchumba, Mungu ambariki, aliyapa maji mgongo na kuanza kumuuliza Collins kama mvua imenyesha Naivasha. Collins naye akajibu kirefu, kuliko swali lilivyohitaji. Mimi peke yangu ndimi niliyeendelea kutazama, maana nilihisi nikigeuza uso nitakuwa nimemwacha.

Upepo ukamsukuma hadi kwenye matete, akakwama. Hakuita mtu. Aliketi tu huko, kasia magotini. Mwishowe Collins akaingia kwenye kayaki ya pedali, akaenda moja kwa moja dhidi ya upepo, akamfunga kamba na kumvuta hadi ukingoni.

Nilifikiri tutarudi nyumbani. Kinuthia akasimama kwenye tope, akaitazama ile ya pedali, kisha akaniambia bila kunitazama kwamba aijaribu tu ili kijana asiseme alikuja bure. Nilimshikia kiti.

Akakanyaga. Kayaki ikanyooka. Mguu mzuri uliubeba ule mwingine, na kabla sijamaliza kuomba alikuwa amevuka katikati ya bwawa, mahali ambapo hakuwa amefika tangu augue. Alilizunguka lote. Huko mbali, nilimwona mtu niliyeolewa naye, kofia imekaa upande, fimbo imetangulia mbele, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilicheka peke yangu kwa furaha. Magugu yalimsumbua mara moja, akarudi nyuma, yakaachia. Hakushika samaki hata mmoja.

Aliporudi nilimsubiri aseme. Alikaa juu ya jiwe akifuta miwani kwa shati, akaanza tena habari ya uzito, kwamba hii ni nzito, nani ataibeba. Moyo ukanishuka. Nikajua akichagua ile ya kasia itakaa ghalani ikisubiri mkono, na yeye atakaa zizini akiusubiri pia, hadi tuzeeke hivyo.

Collins alikuwa ameshatoa mashine yake ya kutobolea, kwa kuwa kijana wa biashara hutaka kumaliza. Akamuuliza, "Mzee, tukisema ni hii ya pedali, kishikio cha fimbo nikiweke upande gani? Wengi hutaka kulia. Lakini nikishatoboa nimetoboa, plastiki haizibiki vizuri."

Kipchumba akawa anaangalia ng'ombe wake.

"Kushoto," Kinuthia akasema.

Collins, ambaye hakujua alilokuwa analigusa, akamsihi afikirie kidogo, huenda mkono ukapona.

"Hii mkono haiponi," Kinuthia akasema. "Toboa kushoto."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, nikidhani nitashukuru. Ilipofika nililia, kwa sauti, mbele ya wanaume, na sikuona haya. Ni kama tulikuwa tumezika kitu, na kumbe nami nilikuwa sijakiaga.

Kinuthia alinisubiri nimalize. Kisha akaniita, mtu ambaye hata vifungo vya shati alinikataza kumfungia.

"Mama Wanja, kuja unishikie hapa, isiteleze."

Nikaishika kayaki kwa mikono yangu miwili, naye akaongeza wake mmoja, na Collins akaanza kutoboa.