Duma Aliyelipia Kosa la Chui

Mbuzi wangu tulimkuta juu ya mkuyu, kichwa kinaning'inia, tumbo limeshaliwa. Kwetu Machochwe hata mtoto anajua nani hupandisha nyama mtini. Ni chui. Ana shingo nene na mabega ya mbeba magunia; huvizia gizani, na akishiba huficha mabaki juu ili fisi wasiyafikie.

Baba mdogo, anayeishi boma la pili kutoka kwangu, alipiga yowe. Wanaume wakaja na mikuki na mbwa, wakaingia porini. Mimi nikabaki kuziba tundu la zizi kwa miiba. Jua likiwa kali wakarudi wanaimba, wamemfunga mnyama nyuma ya pikipiki.

Nilipomtazama, damu ilinichemka. Kiuno chembamba, miguu mirefu. Mistari miwili myeusi ilishuka kutoka machoni hadi mdomoni. Kucha butu, zimetokeza nje kama za mbwa.

"Baba mdogo, huyu ni duma," nikamwambia. "Huwinda mchana, kwa mbio. Angempandishaje mbuzi kwenye mti?"

"Mura, we kijana, madoa ni madoa," akajibu, na watu wakacheka.

Nikamgeuza yule mnyama. Chuchu zilikuwa zimejaa maziwa. Nikawaambia twende tukatafute watoto wake. Hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wanabishana nani alitangulia kumchoma mkuki, baba mdogo akiapa ni yeye!

Nilikwenda peke yangu, natukana njia nzima. Karibu na kichuguu walichonielekeza nikasikia mlio kama wa vifaranga. Watoto wa duma hulia hivyo. Walikuwa wawili, wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, wananifokea na hata kusimama vizuri hawajui. Nikawapigia simu askari wa wanyamapori, nikakaa kuwalinda wasije wakaliwa na mbwa.

Askari walipofika wakawafunika kwa blanketi, wakawaingiza garini. Mmoja akaniuliza, "Nani amemuua mama yao?"

Nilijua kitakachonipata nikijibu. Nikamtaja baba mdogo.

Alishikiliwa, kisha akaachiwa. Ukoo ukaniita, ukasema nimemuuza mzee wangu kwa ajili ya mnyama wa porini, nimwombe radhi. Nikakataa. Chui mwenyewe alirudi wiki hiyohiyo, akachukua kondoo wa jirani, na bado mkosaji nikawa mimi.

Siku hizi nikimwamkia baba mdogo shikamoo, anatazama pembeni. Naitoa hivyohivyo, kwa sauti, mbele za watu.