Chupa Zilizokuja Harusini Bila Nguo

Waliyemwita Mama Barafu alikuwa mtunza majokofu katika baa ya stendi kwa miaka ishirini na miwili, na mikono yake ilikuwa imezoea baridi hivi kwamba akikusalimia asubuhi unaamka mara ya pili. Hakuuza bia wala hakuhudumia meza. Kazi yake ilikuwa moja tu: bia iingie vuguvugu, itoke imetokwa jasho. Akiigusa chupa kwa kidole kimoja alikuambia imebakiza dakika ngapi. Watu walisema, naye hakuwakanusha, kwamba siku moja umeme ulikatika asubuhi usirudi mpaka jioni, akazikaripia bia, zikabaki baridi kwa woga. Na yupo fundi cherehani aliyeinywa bia yake kwa pupa, akapiga chafya, kipande cha barafu kikamtoka puani kikavunja kioo cha saa ya ukutani. Saa hiyo ipo mpaka leo, anayetaka akaione, mradi apate wa kumwambia iko wapi.

Alikuwa na kaka mmoja, na kaka huyo alikuwa na binti mmoja. Mama wa binti alifariki mtoto hajaota hata meno ya mbele, na baba mtu alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Basi binti akalelewa na shangazi yake katika chumba cha nyuma ya baa, akajifunza kuhesabu kwa vizibo. Ndiye huyo aliyekuja Jumanne moja mchana, siku kumi na moja kabla ya harusi yake, akaketi juu ya kreti tupu bila kukaribishwa, akavua viatu.

Shangazi akajua kuna neno. Mtu asiye na neno havui viatu.

Neno lenyewe lilikuwa bia. Baba yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Dereva, alikuwa amesafirisha bia ya Tarumbeta kwa miaka ishirini na sita. Alizipitisha kwenye matope na kwenye vumbi, akalala chini ya lori lililokwama ili azilinde, akastaafu na mgongo uliopinda kuelekea upande wa usukani. Baba wa bwana harusi naye, Fundi, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha bia ya Ngao. Hakuna bomba la kiwanda kile lisilo na mshono wa mkono wake, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kumuaga kwa ajili ya cheche. Wazee hawa walikuwa wamekutana mara moja tu, kwenye kikao cha harusi, wakakubaliana kila kitu, kuanzia viti mpaka maua. Ilipofika zamu ya bia, kila mmoja akakiweka chini kikombe chake cha chai. Dereva alisema ikiletwa ile bia nyingine ukumbini, yeye atakaa nje getini pamoja na mlinzi. Fundi, ambaye ni mpole na kwa hiyo ni wa kuogopwa zaidi, alisema yeye hana neno lolote, ila miguu yake ndiyo yenye neno, nayo haitaingia mahali penye Tarumbeta.

Kikao kikamgeukia bibi harusi achague yeye. Bibi harusi akasema mjuzi wa bia katika ukoo huu ni shangazi yake, achague shangazi.

"Mwanangu, umenipa nyoka nimshike mkia," akasema Mama Barafu.

"Shangazi, mimi bia sinywi. Waletewe hata maji ya betri. Ninachotaka ni baba anishike mkono aniingize ukumbini, basi. Akikaa getini, na mimi nitakaa naye getini, na gauni langu."

Aliyasema hayo akitazama vidole vya miguu yake, kwa sauti ndogo. Shangazi alimlea, alijua kwamba huyu hatishii mtu. Alipokuwa na miaka saba aliapa hatakula mpaka baba yake arudi safarini, na lori likakwama siku nne. Ilibidi alishwe uji usingizini, kijiko kwa kijiko, huku akikoroma.

Basi Mama Barafu akakaa siku mbili na majokofu yake akawaza. Zikiletwa bia zote mbili, kila upande na yake, ukumbi utapasuka katikati, na wazee watakaa wakihesabiana wanywaji. Ikiletwa bia ya tatu, wazee watapatana, tena upesi, lakini watapatana dhidi yake. Zikiletwa soda tupu, wajomba watatu wa bwana harusi wataanguka kwa kiu kabla hotuba ya kwanza haijafika kwenye salamu.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa kaka yake kumsihi alegeze. Alimkuta amepiga pasi suti ya harusi, ameitundika mlangoni, ameketi mbele yake kama anayeongea na mgeni. Kabla hajafungua mdomo, Dereva akaanza habari ya lori na matope, na siku ile binti alipogoma kula, na jinsi alivyoendesha usiku na mchana afike. Alisema safari zile zimemnyima kumwona mtoto akikua, na kitu pekee anachoweza kuwaonyesha watu kwa miaka ile yote ni chupa ile. Sasa hata hiyo isiwekwe mezani? Mama Barafu alikuwa amekuja na maneno matamu ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Badala yake akajisikia akisema, "Kaka, tulia. Ni Tarumbeta."

Akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Fundi, akisema moyoni mpole huelewa. Fundi alimvutia kiti, akamwekea chai, akakunja shati, akamwonyesha makovu ya mkononi moja moja, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watoto wake. Hili la bomba la nne. Hili la tangi kubwa, mwaka wa mafuriko. Mdomo wa Mama Barafu ulikuwa umekwisha kuijua njia. Ukasema, "Ni Ngao, mkwe. Kunywa chai yako."

Alipofika nyumbani ndipo alipotambua kwamba amesema uongo mara mbili kabla kivuli cha mlango hakijasogea. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa ya siku tisa.

Akaagiza zote mbili, kreti kwa kreti, zisizidiane hata chupa moja.

Sasa, kuna mambo ambayo watunza majokofu wanayajua na huwa hawayasemi, maana wakiyasema watu hawatakunywa tena. La kwanza ni kwamba bia ikipoa kupita kiasi haina ladha yoyote. Ulimi unakufa ganzi, mnywaji anaisifu baridi akidhani anaisifu bia. La pili ni kwamba gundi ya lebo haipendi maji ya barafu. Ukiiacha chupa humo asubuhi, mchana karatasi inajivua yenyewe. Miaka yote Mama Barafu alipigana na jambo hilo, maana mgeni wa baa hataki chupa uchi. Na mgeni wa harusi ni mbaya zaidi: bia iliyomiminwa jikoni haigusi, anataka ifunguliwe mbele ya macho yake na aisikie ikihema. Kwa hiyo majagi hayakufaa. Chupa ilibidi iwe chupa.

Siku ya harusi, jua halijakaza, alikuwa nyuma ya ukumbi na mapipa manne, barafu ya kuzikia tembo, na chumvi ndoo mbili, kwa sababu barafu ikitiwa chumvi inapata wazimu, baridi yake inazidi mara mbili. Akazitumbukiza Tarumbeta na Ngao pamoja, bila ubaguzi. Vizibo vya zote vilikuwa vyeupe tu, havina maandishi, na chupa zote zilikuwa za kahawia, shingo kwa shingo kama mapacha. Ilipofika saa tano lebo zikaanza kupanda juu. Akazivua kwa chujio la chai, akazikamua, akazisokomeza kwenye mfuko wa saruji. Saa sita hata yeye mwenyewe alikuwa hajui tena ipi ni ipi, na hilo likampa amani kidogo. Mtu hawezi kusema uongo juu ya kitu asichokijua.

Fundi alifika wa kwanza, maana watu wa kiwandani hawajui kuchelewa. Alisimama kizingitini, kiatu kimoja nje kimoja ndani, akaomba aone bia. Mama Barafu akamtolea chupa kutoka chini ya pipa. Fundi akaigeuza, akauliza mbona haina nguo.

"Ni Ngao," akamnong'oneza. "Nimeivua karatasi makusudi, mkwe wako asiaibike mbele za watu. Unaujua mgongo wake."

Fundi akatafakari. Akasema ni jambo la maana, mtu asiaibishwe kwenye harusi ya bintiye. Akaivuta ndani ile miguu yenye neno, akaenda kuketi na chupa yake bila kuifungua.

Saa nane gari la bibi harusi likafika. Ukumbi ukasimama, muziki ukaanza, halafu ukaanza tena, kwa sababu mlangoni hakuna aliyeingia. Dereva alikuwa amesimama nje na suti yake, binti amemshika mkono, naye anasema maneno yale yale aliyoyasema miaka ishirini na sita kwenye kila geti: kwanza anakagua mzigo. Mama Barafu akaja na chupa, na mnong'ono ule ule, ila safari hii anayehurumiwa alikuwa Fundi na jicho lake. Dereva akaguswa, lakini dereva hasaini kwa huruma. Akaifungua pale pale, akapiga funda moja kubwa.

Baridi ikampanda mpaka kisogoni. Akafumba macho. Chozi likamtoka, na haikujulikana ni la furaha au la jino. Bibi harusi hakumtazama baba yake. Alimtazama shangazi, na shangazi akaliona lile jicho la mtoto wa miaka saba aliyekataa kula.

"Ndiyo yenyewe," akasema Dereva, kwa ulimi mzito. "Hata kwenye matope ilikuwa hivi hivi."

Akamwingiza bintiye. Watu wakapiga vigelegele, na mgongo uliopinda ukatembea katikati ya ukumbi kama vile dunia nzima ndiyo iliyopinda.

Hapo Mama Barafu angeweza kupumua, lakini kumwingiza mtu ukumbini ni jambo moja na kumbakiza ni jambo lingine. Wazee waliketi meza moja. Dereva alikuwa anakunywa na kumtazama mkwe wake kwa upole wa mtu aliyeshinda. Fundi alikuwa hanywi. Aliikumbatia chupa yake kwa viganja viwili, hotuba ya kwanza, hotuba ya pili, na Mama Barafu, aliyesimama kwenye pazia la jikoni, akaelewa kinachofanyika: mzee alikuwa anaipasha joto. Hotuba ya tatu ilipoisha, Fundi akamimina kidogo kwenye glasi, akanusa, akaonja, akaweka chini. Akamwita kwa kidole.

"Mkwe, mimi nimelamba mvuke wa mabomba yale miaka thelathini," akasema polepole. "Hii siyo."

Mama Barafu akavuta kiti akaketi. Uongo ulikuwa umemwishia, akabaki na ukweli peke yake. Akamwambia kwamba zote zimo, zimechanganyika, kwamba alimwahidi yeye na akamwahidi kaka yake siku ile ile, na kwamba akitaka kuondoka aondoke kwa mlango wa nyuma, mtoto asimwone.

Fundi akatazama katikati ya ukumbi. Dereva alikuwa anacheza na binti yake. Kwa kuwa hakuweza kunyooka, binti alikuwa amejipinda upande ule ule, gauni linaburuza, wanazunguka kama kikombe na kisahani.

"Mwenzangu anajua?"

"Anajua anakunywa yake. Na anakuonea huruma wewe."

"Ananionea huruma mimi," akarudia Fundi, na mabega yakaanza kumtikisika bila sauti. Akainua glasi akaimaliza.

Wachezaji wakarudi wanahema. Bibi harusi, ambaye siku zote kumi na moja hakuna aliyemwambia kitu, akaegemea kiti cha shangazi yake akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye raha, "Shangazi, mwishowe ulichagua bia gani?"

Mama Barafu akatazama dari. Dereva akamtazama mkwe wake, yule maskini wa jicho moja anayekunywa Tarumbeta bila kujua, na roho yake ikakataa kumwaibisha. Ulimwengu mzima unajua kwamba jina lile halikuwahi kupita kinywani mwake. Likatoka kama jino linavyong'oka.

"Ngao," akasema.

"Tarumbeta," akasema Fundi, wakati huo huo.

Wakatazamana. Kisha Dereva akamgeukia dada yake polepole, vile alivyokuwa akirudisha lori nyuma, akiangalia kila kioo, na Mama Barafu akakumbuka kwamba mapipa yanahitaji barafu.

Huko nyuma alisimama ametega sikio, akingoja kelele na viti kuanguka. Alichokisikia ni kaka yake akimwambia Fundi kwamba yeye si mtoto, hiyo ni Ngao, amekwisha kusema. Na Fundi akijibu kwa upole wake wa kuogopesha kwamba ni Tarumbeta na ataapa popote. Wakaitisha chupa nyingine ili ishuhudie. Haikushuhudia. Wakaitisha nyingine. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye madirisha na wageni wanatafuta viatu vyao, na wazee bado wanabishana, kila mmoja akiitetea bia ya mwenzake kwa ngumi mezani, na bibi harusi ameketi katikati yao, mkono mmoja kwa baba huyu na mkono mmoja kwa baba yule, hataki wamalize.